Kuzalia nyumbani si bure: nani hulipa, na hulipa lini

Tangu tarehe 1 Juni 2013 serikali ya Kenya imekuwa ikisema, kwa majina mbalimbali, kwamba mama hapaswi kulipia kujifungua katika kituo cha umma. Ahadi hiyo haikupotea hewani. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2008-09 ulionyesha kuwa watoto 43 kati ya kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya. Mwaka 2014 walikuwa 61, na 2022 wakafika 82. Wamebaki hao 18, na wengi wao huzaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa kienyeji, mama mkwe, jirani, au bila mtu yeyote.

Ukiuliza kwa nini, jibu huja upesi: hawajui, wameshikilia mila. Nimelisikia jibu hilo kwenye mabaraza ya chifu na redioni, na silikubali. Utafiti huohuo wa 2022 ulikuta kwamba akina mama 98 kati ya 100 walihudhuria kliniki ya wajawazito kwa mhudumu mwenye ujuzi, angalau mara moja. Njia ya zahanati wanaijua. Muuguzi wanamjua kwa sura. Kitabu cha kliniki kipo chini ya godoro. Mtu aliyekwenda kupimwa mimba kisha akazalia nyumbani hakukosa elimu. Alipiga hesabu, na hesabu yake inastahili kusomwa kwa makini kabla ya kumhukumu.

Tumchukue mama wa mfano wa Kabonyo, kwenye uwanda wa Kano, kaunti ya Kisumu. Ana watoto watatu, hulima mpunga kwenye shamba la kukodi, na mumewe ni mvuvi. Uchungu unaanza saa nane za usiku, mwezi wa Aprili, mvua ya masika imefungulia na Mto Nyando umemwaga maji mashambani kama ulivyozoea. Hospitali kubwa ya karibu iko Ahero.

Kwanza kuna bodaboda. Mchana nauli ingekuwa ya kawaida. Usiku, kwenye matope, na abiria ambaye huenda akajifungulia njiani, mwendeshaji hutaja bei mara tatu au nne ya ile ya mchana, na sioni vipi nimlaumu: anahatarisha pikipiki ambayo pengine bado anailipia mkopo. Mama hawezi kupanda peke yake, lazima mtu amshike kwa nyuma. Kisha kuna mkoba. Kwa mujibu wa sera, vifaa vya kuzalishia hutolewa na kituo. Lakini akina mama wengi huambiwa kliniki waje na pamba, pedi kubwa, glavu, beseni, sabuni, Jik, leso mbili tatu, nguo za mtoto na blanketi yake. Anayefika mikono mitupu, jamaa yake hutumwa kwenye duka la dawa karibu na lango. Huko nyuma nyumbani, watoto watatu wanahitaji mtu wa kuwapikia na ng'ombe wanahitaji wa kuwafungulia. Dada aliyemsindikiza amepoteza siku ya kibarua, naye pia lazima ale. Halafu kuna nauli ya kurudi, inayosahaulika sana: mama mwenye maumivu na mtoto wa siku moja hawezi kurudi kwa miguu.

Hakuna hata moja kati ya gharama hizo inayoitwa ada ya kujifungua. Zote hulipwa taslimu, na zote huja katika usiku mmoja.

Sasa mtazame mkunga. Anaishi boma la tatu kutoka hapo na huja kwa miguu. Bei yake inajulikana tangu mimba ikiwa changa. Hulipwa kidogo kidogo: noti leo, kuku wiki ijayo, sukari na sabuni, au siku mbili za kupalilia shamba lake. Mpunga ukichelewa kuuzwa, anasubiri. Mara nyingi yeye mwenyewe ni mjane mzee anayeishi kwa kazi hiyo, kwa hiyo anahitaji sifa nzuri kijijini kuliko anavyohitaji malipo ya haraka. Anakanda mgongo, anapika uji, anafua nguo zenye damu, anamwogesha mtoto siku za kwanza. Na hamfungii mtu ndani kwa sababu ya deni.

Kwa jicho la uchumi, mkunga huyu anauza vitu viwili ambavyo hospitali haiuzi: mkopo, na bei inayojulikana mapema. Familia isiyo na mshahara wa mwisho wa mwezi huthamini vitu hivyo viwili kuliko unafuu wenyewe. Inaweza kumudu shilingi elfu tatu zilizogawanywa miezi sita na isimudu elfu moja ya saa nane usiku. Anayepanga huduma akiwa na mshahara benki huona bei mbili tu, moja sifuri na nyingine si sifuri, kisha anashangaa kwa nini watu wanachagua ile isiyo sifuri.

Bei ya hospitali haijulikani mapema hata pale ambapo huduma ni bure. Mama akijifungua salama, ataruhusiwa kesho yake. Mambo yakienda kombo, atahamishiwa Kisumu, kwenye hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, na huko jamaa watatafutwa watoe damu, pengine wanunue dawa ambayo haipo stoo, na walale mjini siku kadhaa. Anayeingia hajui atatoka na mzigo gani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia akina mama hospitalini kwa ajili ya deni ni kuvunja haki zao, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa Nairobi. Hukumu ilikuwa nzuri. Lakini habari ya mtu aliyezuiliwa husafiri kijijini haraka kuliko habari ya hukumu, na hukaa muda mrefu zaidi.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti. Huduma ilipofanywa bure, wazazi waliongezeka wodini, wauguzi hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Wanawake wakalala wawili kitanda kimoja. Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa mama mmoja fidia ya shilingi milioni 2.5 kwa sababu mwaka 2013 alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma, kisha akatukanwa na kupigwa makofi na wauguzi. Mahakama haikuishia kwa wauguzi. Ilisema serikali ya taifa na ya kaunti zilitangaza uzazi wa bure bila kuweka fedha na usimamizi wa kutosha kuuendesha. Mwanamke anayesema "afadhali nizalie kwangu nitendewe kama mtu" ametaja gharama halisi, na mimi ningeiweka kwenye hesabu pamoja na nauli.

Mpaka hapo mkunga ameshinda. Na kama hesabu ingeishia hapo, ningesema akina mama wabaki nyumbani.

Lakini kuna mstari mmoja ambao hesabu ya kijijini haiwezi kuuona, na sababu yake si ujinga bali udogo wa kijiji. Sensa ya 2019 ilikadiria vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hiyo ni takriban kifo kimoja katika kila uzazi 280. Mkunga anayezalisha wanawake 20 kwa mwaka, kwa wastani huo, angepitisha miaka 14 kabla ya kukutana na kifo kimoja. Hata tukisema hatari kwake ni mara mbili, ni miaka saba. Kwa hiyo anaposema "nimezalisha wengi na sijapoteza mtu", anasema kweli, na majirani wanaomwamini wana ushahidi wa macho yao. Hatari ya namna hii haijifichui kwa uzoefu wa mtu mmoja. Inaonekana tu ukijumlisha vijiji mia moja, na hakuna mtu anayeishi katika vijiji mia moja.

Inapokuja, haitoi nafasi ya kutafuta nauli. Mwishoni mwa mimba zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Kondo likishatoka, mfuko unapaswa kujikaza na kuifunga mishipa hiyo. Usipojikaza, mama anaweza kufa ndani ya saa chache, na hakuna mkunga wala daktari anayeweza kumtambua mapema kila atakayevuja damu. Tiba ya mwanzo ni sindano ya oksitosini, dawa ya bei ndogo. Lakini hiyo sindano inataka jokofu la nyuzi 2 hadi 8, umeme wa jokofu hilo, na mtu aliyefunzwa aliye macho saa hizo. Utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukatangazwa 2023, ulipunguza uvujaji mkali wa damu kwa asilimia 60. Kila mama alitandikiwa chini yake plastiki yenye mfuko uliopimwa wa kukinga damu, na damu ikivuka kipimo akapewa tiba zote kwa pamoja badala ya moja baada ya nyingine. Vifaa vyenyewe ni vya bei nafuu sana. Ghali ni kuviweka mahali pamoja na watu wanaovijua, saa 24.

Hapo ndipo gharama ya nyumbani inapokaa. Haikufutwa, imesogezwa mbele na kuwekwa juu ya mwili wa mama na maisha ya mtoto.

Nyingine zinasogezwa kwa siku chache tu. Chanjo ya BCG, ya kukinga kifua kikuu, inafaa kutolewa mtoto anapozaliwa, lakini chupa moja ina dozi nyingi na ikishafunguliwa lazima itumike ndani ya saa sita. Kwa hiyo aliyezalia nyumbani akipeleka mtoto zahanati Jumanne, huenda akaambiwa arudi Alhamisi watoto wakiwa wengi, na nauli ni nyingine. Taarifa ya kuzaliwa, ambayo hospitali huiandika palepale, yeye huifuata kwa naibu chifu, na miezi sita ikipita inakuwa usajili wa kuchelewa wenye ada na safari zake. Mtoto bila cheti cha kuzaliwa atakwama mbele ya mwalimu mkuu siku ya kuandikishwa.

Nyingine zinasogezwa kwa miaka. Katika kaunti za kando ya ziwa, ambako maambukizi ya virusi vya ukimwi yako juu kuliko wastani wa nchi, mtoto wa mama mwenye virusi asiyepata kinga yoyote ana uwezekano wa kati ya asilimia 15 na 45 wa kuambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Kwa dawa, unashuka chini ya asilimia 5. Mama akizalia nyumbani, mtoto hukosa dawa yake ya saa za kwanza, na mkunga asiye na glavu anaiweka afya yake mwenyewe rehani. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa akaishi na ubongo ulioumia anahitaji mtu wa kushinda naye siku nzima, na mtu huyo karibu kila mara ni mama yake, ambaye hataonekana tena shambani. Fistula, tundu linalobaki baada ya uchungu mrefu na kuvujisha mkojo au kinyesi, ni hivyohivyo: uchungu wa siku mbili unalipiwa kwa miaka ya aibu, biashara iliyokufa, na pengine ndoa.

Wapo wanaouliza, basi mbona Uingereza watu huzalia nyumbani na wanasifiwa? Swali zuri, na lina majibu ya tarakimu. Utafiti wa England uliotolewa 2011, wa wanawake zaidi ya 64,000 wasio na dalili za hatari, uligundua kwamba kwa waliowahi kuzaa, nyumbani hapakuwa na hatari zaidi kwa mtoto, na kwa wanawake wote wa utafiti huo, wastani wa gharama ya nyumbani ulikuwa takriban pauni 1,066 dhidi ya 1,631 za wodi yenye madaktari. Kwa mimba ya kwanza hatari kwa mtoto iliongezeka, na wanawake 45 kati ya 100 waliishia kuhamishiwa hospitalini. Soma hiyo 45 tena. Uzazi wa nyumbani kule unasimama juu ya wakunga waliosajiliwa wenye dawa na oksijeni, barabara ya lami, na ambulensi iliyokwisha kulipiwa na kodi. Nyumba ya Kabonyo haina mfumo huo nyuma yake. Kulinganisha nyumba kwa nyumba bila kulinganisha kilicho nyuma ya nyumba ni kosa kubwa.

Kenya imejaribu kuirekebisha hesabu hii mara kadhaa, na majaribio yenye mafunzo mengi yalifanyika huku kwetu. Mwaka 2006 Kisumu ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya mpango wa vocha, pamoja na Kitui, Kiambu na mitaa ya Korogocho na Viwandani, Nairobi. Mama maskini alinunua vocha ya shilingi 200, nayo ikagharimia kliniki, kujifungua, hata upasuaji ukihitajika. Naupenda mpango ule kwa sababu uliigusa shida yenyewe: bei ilijulikana mapema, na ilikuwa ileile mambo yaende sawa au kombo. Ulikuwa umemnyang'anya mkunga nusu ya bidhaa yake. Nusu ya pili, mkopo, ilibaki kuwa shida, na nauli pia.

Mwaka 2007 ada ya kujifungua ilifutwa katika zahanati na vituo vya afya, na 2013 ikafutwa katika vituo vyote vya umma. Baadaye ikaja Linda Mama, iliyozinduliwa 2016 chini ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati huo, ambapo kituo kidogo kilirudishiwa shilingi 2,500 kwa kila uzazi wa kawaida na hospitali ya kaunti 5,000. Fedha zilipochelewa kufika, kituo kilirudi kwa mama: nunua glavu, nunua uzi. Tarehe 13 Desemba 2018 mpango wa afya kwa wote ulizinduliwa Kisumu kwenyewe. Yote hayo yalilenga bili ya hospitali. Marufuku ya kutoka usiku ya wakati wa korona, iliyoanza tarehe 27 Machi 2020, ilionyesha kasoro ya kulenga bili peke yake. Bei ya wodi haikubadilika hata senti, ila kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri usafiri ulikauka na bodaboda waliogopa polisi, na akina mama wakazalia majumbani.

Kakamega ilikwenda kwa njia tofauti. Kuanzia 2013, wakati wa Gavana Wycliffe Oparanya, kaunti iliwalipa akina mama wasiojiweza shilingi 2,000 mara sita, jumla 12,000, kuanzia ujauzito hadi mtoto afike miezi 18, mradi wahudhurie kliniki na wajifungulie kwenye kituo. Wapo walioiita hongo. Mimi naiona kama fidia halali ya zile gharama zisizo na risiti: nauli, sabuni, siku za kibarua zilizopotea. Kaunti kadhaa za magharibi pia ziligeuza kazi ya wakunga wa kienyeji wakawa wasindikizaji, wakipewa malipo kidogo kwa kila mama wanayemfikisha hospitalini. Hilo ni jambo la busara, maana aliyeambiwa tu "acha" bila kupewa riziki nyingine ataendelea kwa siri, na mama akivuja damu atachelewa kumtoa kwa kuogopa kukamatwa.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuko chini ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF, na hapa nina wasiwasi wa dhati. Malipo kwa hospitali yameongezeka: shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Kwa wodi hiyo ni nafuu kubwa. Lakini Linda Mama haikumdai mama mchango wowote, alihitaji kujisajili tu. Sasa kujisajili peke yake hakutoshi. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na kwa asiye na mwajiri hutakiwa mara moja kwa mwaka mzima, yaani 3,600. Kwa mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha, kaunti ya Nakuru, asilimia 2.75 inakatwa kwenye mshahara bila yeye kuigusa, na sheria ya ajira ya 2007 inampa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo. Kibarua wa siku katika kaunti hiyohiyo, na mkulima wa mpunga wa Kano, hawana mkato wala likizo. Wanaulizwa donge moja la pesa, mapema, kwa huduma ambayo huenda wasiitumie. Mkunga haulizi hivyo. Tumerudisha sharti lilelile lililowashinda hawa watu tangu mwanzo.

Kaunti inayotaka kuwapata wale watoto 18 kati ya kila 100 waliobaki ingelipia michango ya wajawazito wasiojiweza, na ingewalipa moja kwa moja wenye bodaboda walioandikishwa kwa kila mama aliyefikishwa usiku, kwa bei iliyobandikwa ukutani zahanati. Wahudumu wa afya ya jamii, waliozinduliwa upya Septemba 2023 wakiwa zaidi ya 100,000 nchini, wanawajua wajawazito wa kila kijiji. Orodha ipo tayari.

Nyumbani nako kuna jambo ambalo serikali haiwezi kulifanya. Pesa ya familia ya Kabonyo mara nyingi iko kwenye simu ya mume, na mume yuko ziwani usiku, mtandao hakuna. Uamuzi wa kuondoka unamngoja yeye au mama mkwe. Kwa hiyo mimba ikifika mwezi wa saba, mama athibitishe kwamba mchango wake wa SHA umelipwa na unaonekana, ajulikane mwendeshaji atakayepigiwa simu na bei aliyokubali, ajulikane nani atalala na watoto na nani ataombwa kutoa damu. Na nauli ya kwenda na ya kurudi, iwe imetoka kwa kaunti, kwa chama au kwa mume, iingie kwenye laini ya mama mwenyewe, na anayemsindikiza awe ameruhusiwa mapema kuitumia bila kumsubiri mtu.